Barbados: Panga Njia Kabla ya Hoteli

Mtanzania au Mkenya anayekwenda Barbados kutembea haombi viza. Kisiwa hicho kimo katika Jumuiya ya Madola kama sisi, na raia wa nchi nyingi za jumuiya hiyo hugongewa muhuri pale pale uwanja wa ndege. Habari hii ikimfikia mtu, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta hoteli yenye picha nzuri na kuilipia. Nakusihi usianzie hapo. Hakuna ndege inayoondoka Dar es Salaam au Nairobi ikatua Bridgetown moja kwa moja. Ni lazima ubadilishe ndege Ulaya au Amerika ya Kaskazini, na nchi utakayobadilishia ndege ndiyo inayoweza kukukwamisha, hata kama hukusudii kutoka nje ya uwanja wake. Anza na njia, kisha viza ya njia hiyo, kisha chanjo, halafu tiketi. Hoteli ije mwisho.

Na kwa kuwa safari hii ina gharama kubwa, jiulize mapema unakwenda kutafuta nini. Kama haja yako ni mchanga mweupe na maji ya samawati tu, Paje na Diani ziko karibu na bahari yake haipungukiwi kitu. Barbados inafaa kwa sababu nyingine. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 430 hivi, hakifiki nusu ya Pemba, na wakazi wake wengi ni vizazi vya Waafrika walioletwa kwa nguvu kulima miwa ya Waingereza kuanzia karne ya 17. Walipata uhuru tarehe 30 Novemba 1966, na siku kama hiyo mwaka 2021 wakamvua Malkia wa Uingereza ukuu wa nchi na kuwa jamhuri. Kusini mwa kisiwa, penye lililokuwa shamba la Newton, kuna uwanja wa majani ambao chini yake wamelazwa mamia ya watumwa wa shamba hilo, wasiwe na hata jiwe lenye jina. Mtu aliyewahi kushuka kwenye vyumba vya chini pale Mkunazini, Unguja, ataelewa kwa nini nasema asubuhi moja ya safari yako iwe ya Newton kabla ya kwenda kuogelea.

Njia ndiyo yenye mlango

Ndege nyingi za Ulaya za kwenda Bridgetown huanzia London, kwa sababu British Airways na Virgin Atlantic zote zinakwenda huko. Ugumu wake ni kwamba Uingereza inadai viza ya kupitia kwa wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, hata kama abiria atabaki ndani ya uwanja akisubiri ndege ya pili. Kuna msamaha kwa aliye na viza hai ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand, ila usome masharti yake mstari kwa mstari kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kuutegemea.

London ina mtego mwingine unaowanasa hata waangalifu. Ndege yako ya kutoka Nairobi inaweza kutua Heathrow, na ile ya Bridgetown ikaondokea Gatwick. Kuhama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ni kuingia Uingereza, hivyo viza ya kubaki ndani ya uwanja haitoshi. Utahitaji ile inayokuruhusu kupita uhamiaji na kuondoka ndani ya saa 48. Ushauri wangu kwa mwenye uwezo ni kuomba viza ya kawaida ya matembezi ya miezi sita. Ada yake ni kubwa zaidi, lakini ndege ikichelewa unaweza kulala hotelini kama watu wengine, na ukiwa na ndugu London utapata siku mbili za kumsalimia.

Njia ya Ulaya bara ni nyepesi kidogo kwa pasipoti zetu. KLM inatoka Dar es Salaam, Kilimanjaro na Nairobi kwenda Amsterdam, na imekuwa na safari za kuendelea hadi Bridgetown katika baadhi ya misimu. Frankfurt nayo huwa na ndege za watalii wakati wa baridi ya Ulaya. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya pamoja ya Ulaya ya mataifa yanayodaiwa viza ya kupita uwanjani; Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Hata hivyo kila nchi ya Ulaya inaruhusiwa kuongeza majina kwenye orodha yake yenyewe, kwa hiyo unachopaswa kuuliza ni masharti ya nchi ile hasa unayopitia. Na msamaha huu ni wa anayebaki ndani. Ukipewa tiketi ya bei nafuu yenye kusubiri usiku kucha, ama ulale kwenye viti vya uwanjani ama uombe viza ya Schengen.

Marekani haina utaratibu wa kupita bila kuingia. Kila abiria anayebadili ndege New York au Miami hupita uhamiaji, huchukua mabegi yake, huyakabidhi upya. Kenya Airways imekuwa ikiruka Nairobi hadi New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, na kutoka hapo Bridgetown ni mwendo wa saa tano hivi, kwa hiyo kwenye ramani njia hii inavutia. Lakini tangu 2025 serikali ya Marekani imekuwa ikitangaza vizuizi vipya vya viza kwa mataifa mengi, yakiwemo ya kwetu Afrika. Kama huna viza hai iliyobandikwa kwenye pasipoti, yenye kuruhusu kuingia zaidi ya mara moja, iache njia hii.

Ukishachagua njia, nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Wapo wanaounganisha wenyewe: tiketi moja hadi Ulaya, nyingine ya kampuni tofauti hadi Caribbean, ili waokoe dola mia mbili au tatu. Ukifanya hivyo, begi lako huenda likaishia kituo cha kwanza. Itabidi utoke ukalichukue, na kutoka ni kuingia nchini, na kuingia nchini ni viza. Isitoshe, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haikudai wala huidai. Nafasi yako imekwenda.

Haya yote hukaguliwa kwetu, kabla hujapanda. Mhudumu wa kaunta ya ndege huingiza uraia wako, vituo unavyopitia na mwisho wa safari kwenye mfumo uitwao Timatic, na skrini humjibu kama upandishwe au la. Haitegemei moyo wake mwema. Shirika linalombeba abiria asiye na kibali hutozwa faini na kulazimika kumrudisha, kwa hiyo kubishana naye saa nane za usiku hakusaidii. Mashirika kadhaa ya ndege yanamruhusu abiria kujiangalizia taarifa hizo hizo kwenye tovuti zao. Zitazame siku unayochagua njia, kisha uzitazame tena wiki moja kabla ya kusafiri.

Ndugu zetu wanaoishi London, Toronto au Houston kwa ukaazi halali hawana sehemu kubwa ya mzigo huu. Wao wahakikishe tu kwamba kibali chao cha ukaazi hakiishi muda wakiwa kisiwani. Wenye pasipoti za Kongo na Burundi, maelezo yangu ya kuingia bila viza si yenu. Andikieni ubalozi wa Barbados kwanza.

Kadi ya njano

Barbados haina homa ya manjano, ila ina mbu wa aina ya Aedes aegypti anayeweza kuieneza. Kwa hiyo inamdai cheti cha chanjo msafiri anayetoka kwenye nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Tanzania haimo katika orodha hiyo hiyo, lakini Mtanzania anayesubiri ndege Nairobi au Addis Ababa zaidi ya saa 12 anaweza kuhesabiwa kuwa ametoka huko. Usiingie kwenye hesabu hizo. Chanja tu.

Chanjo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu kwa safari ya Ijumaa amejisumbua bure. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Pokea kadi yako kwenye kituo kilichoidhinishwa, na usiondoke dirishani kabla hujaisoma: jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe isomeke, namba ya chanjo iwepo, saini na muhuri viwepo. Kadi za kununua mitaani zinajulikana, na zaidi ya kukukosesha safari zinakuacha bila kinga. Mjamzito, mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, mwenye kinga dhaifu na mtoto mchanga waonane na daktari kwanza, kwa sababu chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Daktari akiona haifai, huandika barua ya kusamehewa.

Mbele ya afisa wa Grantley Adams

Uwanja wa Barbados unaitwa Grantley Adams. Kabla ya kuondoka utajaza fomu ya uhamiaji na forodha kwenye mtandao wa serikali ya Barbados, na utapokea msimbo wa QR wa kuonyesha ukifika. Serikali haitozi chochote kwa fomu hiyo. Ukikuta tovuti inakuomba kadi ya benki ili ukamilishe, umefika kwa madalali, funga.

Beba kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake: tiketi ya kurudi, anwani kamili ya unakolala, taarifa ya benki na bima ya safari. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake, maana hata pale Barbados isipoikazania, nchi unayopitia au shirika la ndege linaweza kuikazania. Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili. Afisa akikuuliza unakaa siku ngapi, taja idadi ile ile iliyo kwenye tiketi.

Usiweke kwenye begi nguo yoyote yenye madoadoa ya kijeshi, hata kofia ya mtoto au mkoba. Ni kosa kisheria Barbados, kama ilivyo Jamaica na visiwa kadhaa jirani. Nyama, mbegu na matunda mabichi pia yaache nyumbani. Forodha wana macho makali katika kulinda mimea ya kisiwa.

Kuna wanaotamani kuongeza kisiwa cha pili. Ni wazo zuri, lakini kila kisiwa kina sheria zake. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa, ila ziko nje ya eneo la Schengen, na viza ya Schengen haikuruhusu kuingia huko isipokuwa imeandikwa hivyo. Curaçao na Aruba zina viza yao chini ya Ufalme wa Uholanzi. Puerto Rico ni viza ya Marekani. Jamhuri ya Dominika inamkubali bila viza yake mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen, na Jamaica inawapokea Wakenya na Watanzania bila viza. Ukitoka Barbados kwenda kisiwa kingine na kurudi, unaingia upya, na unapangiwa siku upya.

Lini uende

Msimu rasmi wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na ukali wake huwa Agosti hadi Oktoba. Barbados imekaa mashariki ya safu nzima ya visiwa, hivyo vimbunga vingi hupita kaskazini yake. Lakini hakuna aliyekingwa. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini ya kisiwa, kikavunja boti nyingi za wavuvi wa Barbados, kisha kikaisambaratisha Carriacou ya Grenada siku hiyo hiyo. Bima ya safari inunuliwe unapolipa tiketi. Kimbunga kikishapewa jina, kampuni za bima haziuzi tena kinga dhidi yake.

Katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili ni kiangazi kizuri, na Waingereza na Wakanada wanaokimbia baridi hupandisha bei za vyumba. Mimi ningechagua mwisho wa Aprili hadi Mei: mvua haijaanza sawasawa, vimbunga bado, na hoteli zinapunguza. Anayetaka ngoma aende mwishoni mwa Julai kwa ajili ya Crop Over, sherehe iliyotokana na kumalizika kwa mavuno ya miwa. Kilele chake ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na tarehe 1 Agosti ni Siku ya Ukombozi, watu wakikumbuka kufutwa kwa utumwa. Kwa siku hizo chumba kitafutwe miezi mingi mbele.

Jambo moja ambalo matangazo hayaonyeshi: tangu 2011 mwani wa kahawia uitwao sargassum umekuwa ukija kwa wingi kutoka Atlantiki, hasa kati ya Machi na Agosti. Hurundikana zaidi pwani za mashariki na kusini, na ukioza hunuka kama mayai viza. Ukiweka nafasi miezi hiyo, chagua pwani ya magharibi.

Fedha, umeme na zed-ar

Dola ya Barbados imefungwa kwenye dola ya Marekani, mbili kwa moja, tangu 1975. Shilingi zetu hazibadilishwi huko. Beba dola za Marekani za noti ndogo ndogo na kadi ya benki, na uiarifu benki yako tarehe za safari ili kadi isifungwe. Bei ikitajwa, uliza ni dola ipi, kwa kuwa alama ni ile ile na tofauti ni nusu kwa nusu. Hotelini na mikahawani bili huongezewa kodi na gharama ya huduma, aghalabu asilimia 10, kwa hiyo soma bili kabla ya kuacha bakshishi.

Umeme wao ni volti 115 na plagi ni bapa za meno mawili kama za Marekani. Chaja za simu na kompyuta hufanya kazi kwa adapta tu. Pasi na mashine ya nywele za kwetu, za volti 240, ziache.

Usikodi gari siku ya kwanza hata kama wanaendesha kushoto kama sisi. Panda zed-ar. Ni vibasi vyeupe vyenye mstari mwekundu mzito, vinavyojulikana kwa herufi ZR za namba zao, na mtu wa daladala au matatu atajisikia nyumbani: muziki juu, konda akiita, watu wakisogezana kiti kimoja watu wawili. Nauli ni dola 3.50 za Barbados, yaani dola 1.75 za Marekani, ukienda karibu ukienda mbali. Mabasi ya serikali ni ya buluu yenye mstari wa njano, nauli ni hiyo hiyo. Kibao cha kituo kinaandikwa kwa Kiingereza ama unaelekea mjini ama unatoka mjini, basi. Ukijua Bridgetown iko upande gani hupotei.

Ijumaa usiku panda basi la kwenda Oistins, kijiji cha wavuvi kusini, ambako samaki huchomwa na kukaangwa hadi usiku mwingi. Tafuta pia kuu-kuu, huandikwa cou-cou, ambayo ni ugali wa unga wa mahindi uliosongwa na bamia, unaoliwa na samaki-panzi wa mchuzi. Shelisheli utaikuta pia, imechomwa au imepondwa. Mpishi akijua umetoka Afrika Mashariki atataka kukusikia ukieleza kwenu mnaipikaje, na mazungumzo hayo yana thamani kuliko chakula cha hotelini.

Baharini na ukiumwa

Pwani ya magharibi imetulia, na Carlisle Bay karibu na Bridgetown inafaa hata kwa watoto. Mashariki, upande wa Bathsheba, ni pa kutazama mawimbi na kupiga picha. Mkondo wa huko unavuta, na anayejua kuogelea Nungwi asidhani anaujua. Kwenye fukwe kuna mti uitwao manchineel, wenye matunda madogo ya kijani kama tufaha. Utomvu wake huunguza ngozi, na tunda lake ni sumu. Mingi imepakwa mstari mwekundu. Usijikinge mvua chini yake, kwa sababu maji yanayotona kwenye majani yake hutoa malengelenge.

Maji ya bomba yananyweka. Malaria haipo, ila homa ya denge ipo, kwa hiyo dawa ya kufukuza mbu itumike mchana pia. Na hili nalitilia mkazo: ukipata homa ukiwa huko, mwambie daktari mara moja kwamba umetoka nchi yenye malaria, na uombe kipimo chake. Huenda uliumwa na mbu nyumbani wiki mbili kabla, na daktari wa kisiwa kisicho na malaria anaweza kuanza kwa kukutibu denge. Kwa malaria kali, siku moja ya kuchelewa ni nyingi.

Safari ya kurudi hupita mlango ule ule. Hakikisha viza ya kupitia haijaisha na inaruhusu mara ya pili, na kwamba ndege ya kurudi haikuhamishiwa uwanja mwingine. Mashirika hubadilisha ratiba na kutuma barua pepe ambayo watu hawaisomi wakiwa likizo. Ukinunua pilipili ya Bajan, yaani ya Barbados, ile ya njano yenye haradali, ifunge kwa nguo na uiweke kwenye begi la kukabidhi. Chupa ikizidi mililita 100 kwenye mkoba wa mkononi, unaweza kunyang'anywa kwenye ukaguzi wa kubadili ndege.